Oiva na Chuma cha Shule ya Zamani

Jumamosi, 7 Januari

Mimi ni mke wa mtu. Nimeandika hivyo kwa kalamu ya wino ili isifutike. Tulioana Krismasi ilipokaribia, na mpaka leo nikiona soksi zake zinakauka kando ya zangu huwa nasimama kuzitazama kama mtu aliyetembelea makumbusho.

Leo kwa mara ya kwanza nimekwenda naye kwenye chuma chake. Nieleze vizuri, maana siku moja wanetu watasoma haya. Siku za kazi Oiva hufunga matairi gereji. Jumamosi na Jumapili huteleza juu ya theluji kwa ski, zile mbao ndefu za kufunga miguuni, lakini si mlimani kama watu wengine. Yeye huteleza mjini, juu ya vyuma vya ngazi, vile ambavyo sisi wengine tunashikilia ili tusianguke. Anavutwa kwa kamba apate kasi, anaruka, anatua kiubavu juu ya chuma huku ski zimekilalia kama msalaba, anateleza mpaka mwisho, anashuka. Rafiki yake Santtu humpiga video.

Chuma anachokitaka kuliko vyote duniani kiko kwenye ngazi za shule ya msingi aliyosoma. Kinashuka, kinalala kidogo pale ngazi zinapopumzika, halafu kinashuka tena. Kati ya kilima cha theluji anachorukia na mwanzo wa chuma kuna sanduku kubwa la saruji la kupandia maua, kwa hiyo hukipati kwa kuteleza tu. Lazima uruke maua ndipo ukipande. Oiva alikuwa akikiota tangu akiwa mtoto wa shule akila uji wake wa mchana akikitazama dirishani. Sasa shule imefungwa kwa kukosa watoto, na tarehe 27 Machi wanaanza kulibomoa jengo, na chuma kitaondoka nalo. Huu ndio msimu wa mwisho. Manispaa imetoa kibali cha wikendi kwa sharti moja, kwamba theluji yote itakayosogezwa irudishwe ilipokuwa.

Asubuhi alinifundisha jikoni, kwa kijiko na ukingo wa meza, namna ya kupanda. Unakuja moja kwa moja. Ski zimelala bapa, maana ukiegemea makali yake kidogo tu unaruka upande. Hugeuki ukiwa bado chini. Unaruka juu kwanza, halafu ndipo unageuza kiuno na miguu, mabega yametulia, na unatua kwa miguu yote miwili kwa pamoja, chuma kiko chini ya katikati ya viatu.

"Mguu mmoja ukitangulia," akasema, "umekwisha."

Aliyasema hayo uji ukiwa mdomoni, na sijapata kuona mwanamume mzuri namna ile.

Hakukipata leo. Alitua kwenye sanduku la maua. Nilisimama karibu kabisa na kilima cha kurukia, na chupa yangu ya kahawa na kofia yangu ya manjano, nikambusu kabla ya kila mruko. Anasema theluji ilikuwa mbaya. Anayemvuta ni mama yake, Marketta, kwa pikipiki yake ya theluji, ile anayoendea ziwani kutega nyavu chini ya barafu. Mama mkwe hakunisemesha. Alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akawasha injini.

Jumapili, 8 Januari

Sanduku la maua. Theluji mbaya tena. Jinsi anavyojipangusa theluji shingoni, ningeweza kutazama siku nzima.

Jumatano, 11 Januari

Nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri. Gari limekataa kuwaka. Oiva aliliongelesha kwa upole mpaka likaona haya likawaka.

Jumamosi, 14 Januari

Theluji leo ilikuwa nzuri, kila mtu amekiri. Kwa hiyo tatizo ni nta ya chini ya ski. Nimemwambia asijali, nitamnunulia nyingine.

Jumapili, 15 Januari

Si nta.

Jumamosi, 21 Januari

Nimegundua adui. Ni changarawe! Watu wa manispaa huzimwaga kwenye ngazi ili watu wasiteleze, na punje moja ikiingia chini ya ski inakushika kama breki. Nilikwenda mapema kuliko wote nikafagia uwanja mzima wa juu, halafu nikavua glavu nikaokota zilizobaki kwa vidole. Oiva alipofika akaniona nimepiga magoti kwenye theluji na ndoo, alisimama palepale. Macho yake yalikuwa na maji. Nilidhani ni mapenzi.

Alitua kwenye sanduku la maua.

Santtu simwelewi. Ni mtu wa maneno matatu kwa siku, na mawili kati ya hayo ni "ndiyo". Leo alinijia akasema, "Shemeji, hapo pana upepo." Nikamwambia sisikii upepo wowote. Akatazama mbali, akasema garini kuna joto. Nikamwambia mimi nina joto la kutosha, nimeolewa. Akaenda zake. Nadhani ana wivu. Wamekuwa wawili tu tangu utotoni, na sasa nimeingia mimi na chupa yangu ya kahawa.

Jumapili, 22 Januari

Viatu. Vinambana kwenye kisigino.

Jumamosi, 28 Januari

Ameazima viatu vya Santtu. Si viatu. Oiva anasema labda ni ski zenyewe, ni ngumu mno upande wa mbele. Nilimsugua mgongo kwa mafuta ya lami ya msonobari, sasa kitanda chetu kinanuka kama mashua, na mimi sina ninachotaka zaidi katika maisha haya.

Mama mkwe alinisemesha leo. Alisema, "Unakuja kila mara." Nikasema ndiyo, kila mara. Akasema, "Hmm."

Jumapili, 29 Januari

Ski za kuazima. Sanduku la maua.

Nikiwa naosha vyombo nikapata jibu, nikaacha sahani majini. Macho! Nafanya kazi kwenye duka la miwani na sikuwaza. Mtu anayekosa chuma kirefu kama kile kila wikendi bila shaka hakioni vizuri. Maskini mpenzi wangu, ameishi na ukungu miaka yote hii, na huenda hata mimi hajaniona sawasawa.

Alhamisi, 2 Februari

Nilimleta Oiva dukani mchana. Bosi wangu Tarmo alimpima mwenyewe. Oiva alisoma mstari wa chini kabisa, kisha akasoma jina la kiwanda cha karatasi lililoandikwa pembeni kwa herufi ambazo Tarmo hakujua kama zipo. Tarmo alisema hajapata kuona macho kama yale kwa mtu anayekosa kitu kikubwa kama ngazi. Nilijivuna kama nimeyatengeneza mimi.

Baada ya hapo tulikula supu ya njegere kwenye mkahawa wa jirani. Nilimuuliza kama kuna kitu kinamsumbua moyoni. Akasema supu imekosa haradali.

Jumapili, 5 Februari

Wikendi nzima, maua. Na maua yenyewe hayapo.

Jumanne, 14 Februari

Siku ya Rafiki. Kwingineko duniani, nasikia, leo ni siku ya wapenzi, lakini huku tunapeana kadi na marafiki. Oiva ameniachia kadi juu ya mashine ya kahawa, ina picha ya nungunungu, na ndani ameandika: "Rafiki yangu. Salamu, Oiva." Nimeisoma mara nyingi hata kahawa imepoa. Hakuna aliyemwamuru aandike "yangu".

Jumapili, 19 Februari

Leo ni Jumapili ya maandazi ya krimu kabla ya Kwaresima. Nimegundua jambo zito. Nimeolewa na mtu wa lozi.

Nyumbani kwetu kule kusini andazi hili hutiwa jamu ya rasiberi chini ya krimu. Aliyetia lozi katika ukoo wetu alikuwa mjomba mmoja tu, na hatukuwa tukimzungumzia. Na Oiva, mume wangu wa ndoa, alifungua andazi lake mbele yangu akajaza lozi iliyosagwa bila aibu. Mama mkwe naye lozi. Santtu naye. Nilikula jamu yangu peke yangu, nimezungukwa. Lakini wanasema ndoa ni kuvumiliana, nami nimemvumilia mpaka alipolamba krimu puani.

Chuma? Maua.

Ijumaa, 24 Februari

Mteja mmoja akijaribu fremu leo alimwambia mwenzake kwamba yule kijana wa matairi, yule wa ski, amekwisha tangu aoe. Zamani alikuwa hakosi chuma, sasa ni kuokotwa tu kwenye theluji. "Mwanamume akishapata supu ya moto nyumbani haruki tena," akasema, na mwenzake akacheka. Hawakujua mimi ni nani. Nilimwambia ile fremu ya zambarau inampendeza sana, akainunua. Haimpendezi hata kidogo.

Lakini maneno yamenikaa. Usoni mwa Oiva nimeanza kuona kitu nilichokuwa nakiita uchovu. Anarudi Jumapili anakaa kwenye ukumbi mdogo wa mlango na viatu miguuni, havui. Zimebaki wikendi chache. Na kama ni kweli? Kama supu yangu ndiyo imemharibu?

Jumamosi, 4 Machi

Sijui nianzie wapi. Nimelia hadi pua imekuwa nyekundu kama ya mnywaji.

Leo hapakuwa na kisingizio hata kimoja. Jua, nyuzi sita tu chini ya sifuri, theluji imara, nta mpya, viatu vyake mwenyewe, ngazi nimezifagia. Oiva aliruka akaanguka, akarudi juu, akaruka akaanguka. Kila mara kwenye sanduku la maua, kila mara upande uleule wa kushoto, upande wangu. Nilikuwa nampangusa theluji mgongoni na kumwambia inayofuata ndiyo yenyewe.

Halafu mama mkwe akazima injini. Huwa haizimi kamwe, anasema kuiwasha upya ni kuitukana. Akashuka, akaja kwa miguu polepole na buti zake kubwa, akasimama katikati yetu. Hakunitazama mimi wala mwanawe. Alimtazama Santtu.

"Santtu," akasema, "mtu akirukia chuma anatakiwa atazame wapi?"

Santtu akatazama viatu vyake. "Mwisho wa chuma, mama."

"Kwa nini?"

"Mwili unafuata macho. Kichwa kikigeuka, bega linageuka. Bega likigeuka, kiuno kinageuka."

Hayo ni maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema.

"Na huyu anatazama wapi?"

Kimya cha watu wa huku kinaweza kuwa kirefu kiasi cha mtu kumaliza kikombe. Mimi nikaona nimtetee mume wangu. Nikasema macho yake hayana tatizo, yalipimwa dukani kwetu, cheti ninacho kwenye mkoba.

Mama mkwe akanigeukia. Sikuona ukali usoni mwake, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Macho yake mazima, binti," akasema. "Ndiyo maana anakuona."

Nilielewa taratibu, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Nikasema si kweli. Oiva akasema si hivyo hasa. Santtu akaleta kamera akatuonyesha kwenye kioo chake kidogo. Mruko baada ya mruko. Oiva anakuja vizuri, moja kwa moja, ski bapa, magoti laini, na hatua ya mwisho kabisa, pale kwenye ukingo, pua yake inageuka kushoto. Mruko wa Januari, kushoto. Mruko wa Februari, kushoto. Mimi siko kwenye picha, lakini ungeweza kujua niliposimama kwa kufuata pua ya mume wangu.

Ndipo nikakumbuka upepo usiokuwepo. Na joto la garini. Na "unakuja kila mara". Wote walijua. Wote, isipokuwa mtu aliyekuwa akiokota changarawe kwa vidole.

Nikampa Oiva chupa ya kahawa nikarudi nyumbani kwa miguu. Nililia kwa aibu njia nzima. Karibu na kanisa nikagundua kwamba katikati ya kilio nafurahi, kwa sababu ni wanawake wangapi wametazamwa hivyo na mtu anayeruka? Nikaona aibu zaidi.

Jumapili, 5 Machi

Asubuhi hatukuzungumza. Mchana tukaenda sauna, maana ukishakaa uchi mbele ya jiko la mawe unaona upumbavu kuendelea kununa.

Nikamuuliza alijua tangu lini.

"Januari," akasema.

"Ukaniacha nifagie changarawe."

"Ulifagia vizuri."

"Oiva. Kwa nini hukusema?"

Akamwaga maji juu ya mawe. Mvuke ukapanda, akangoja ushuke wote, akangoja tena.

"Ungeacha kuja," akasema.

Sina la kuongeza. Nilitaka kumkumbatia lakini joto lilikuwa kali mno.

Nimeshaamua. Jumamosi nitabaki nyumbani. Miaka mingi amekitamani chuma hicho, mimi nimefika juzi tu. Sitakuwa mwanamke aliyesimama kati ya mtu na chuma chake.

Jumamosi, 11 Machi

Nimebaki nyumbani. Nimeoka maandazi ya iliki. Nimepanga soksi, nimezipangua, nimezipanga tena kwa rangi. Nilisikia pikipiki ya theluji kwa mbali, au labda ilikuwa friji.

Amerudi na theluji masikioni, nikajua.

Jumapili, 12 Machi

Mama mkwe amekuja kwetu. Amekaa kwenye meza yetu kwa mara ya kwanza tangu harusi. Ameleta samaki wawili wamefungwa kwenye gazeti, akala maandazi matatu, akasema iliki haitoshi. Kisha akaniambia yaliyotokea jana.

Oiva alikuja vizuri kila mara. Na kila mara, pale ukingoni, akageuka kushoto kutazama mahali nilipozoea kusimama.

"Hayupo mtu pale," mama mkwe akasema. "Anaangalia kama umekuja."

Nikafunika uso kwa taulo ya vyombo. Mama mkwe akaniambia nisijilaumu, ni damu. Baba yake Oiva alikuwa hivyohivyo. Mwaka waliooana walikwenda ziwani kutega nyavu, yeye Marketta akatoboa barafu, na mumewe akawa anamtazama yeye badala ya shimo, akatembea mpaka akaingia ndani yake. "Nilimvuta kwa ukosi," akasema. "Akatoka anacheka, mjinga yule." Kwa mara ya kwanza nikaona Oiva alikopata ile njia ya kutabasamu kwa upande mmoja. Si kwa baba yake. Nilikuwa nikimwogopa mwanamke huyu miezi mitatu, kumbe muda wote alikuwa akitafuta namna ya kusema jambo moja bila kuniumiza, na hakuijua, kwa hiyo akawa anasema "hmm".

Alipokuwa akivaa buti alisema wamelizungumza na Santtu. Kichwani mwa Oiva hawawezi kunitoa. Basi watanihamisha. Nitasimama mwisho wa chuma.

Alhamisi, 16 Machi

Mvua. Mvua katika mwezi wa Machi, huku kaskazini Kainuu! Nimesimama dirishani nikaona theluji yetu ikiondoka kwenye mfereji.

Jumamosi, 18 Machi

Hakuna theluji shuleni. Nyasi. Oiva alikaa kwenye ngazi chini ya mvua, mkono juu ya chuma, kama mtu anayemuaga mgonjwa. Nilikaa naye. Hatukusema kitu, na haikunisumbua. Nadhani naanza kuwa mtu wa huku.

Jumatatu, 20 Machi

Santtu amefika dukani na mpango. Mashine inayosawazisha barafu kwenye ukumbi wa mpira wa magongo hutoa theluji kila siku na kuimwaga nyuma ya jengo, rundo kubwa kama nyumba. Mwenye ukumbi ametukubalia. Sasa nikimtazama Santtu naona aibu kwa yote niliyomwaza. Nilimwomba radhi, nikasema alijaribu kuniambia na mimi nikamletea maneno ya ndoa. Akasema, "Upepo ulikuwepo kidogo, shemeji."

Ijumaa, 24 Machi

Mikono yangu imejaa malengelenge. Wiki nzima baada ya kazi tumebeba theluji kwa tela la mama mkwe. Santtu, ambaye ni mtu wa sheria, aliwaandikia manispaa kuuliza kama theluji iliyotoka ukumbi wa magongo inatakiwa kurudishwa ukumbi wa magongo. Wamejibu: "Tafadhali msituulize tena."

Jumamosi, 25 Machi

Alipanda!

Mama mkwe alinisimamisha chini, pale chuma kinapoishia, akanigeuza kwa mabega kama anavyopanga mtungi. Akasema nisisogee wala nisipunge mkono. Kofia ya manjano kichwani. Kutoka chini sikumwona Oiva kabisa, niliona ukingo wa theluji tu na anga. Nikasikia injini. Halafu akatokea hewani juu ya sanduku la maua, miguu imekunjwa, ananitazama mimi, anageuka taratibu kama mlango, na miguu yote miwili ikagonga chuma kwa pamoja.

Sikujua kwamba kuna sauti. Miezi yote hii sikuwahi kuisikia. Ni kama mtu anavuta kisu kirefu sana kutoka alani mwake.

Alifika pale chuma kinapolala akaanguka, kwa sababu alishangaa. Amekiri mwenyewe. Alijiona yuko juu akasahau kinachofuata. Alijaribu mpaka miguu ikagoma, kila mara alipanda, kila mara akaangukia palepale. Kesho ndiyo siku ya mwisho. Anakula viazi vyake kimyakimya, na chini ya meza mguu wake mmoja unaruka wenyewe.

Jumatatu, 27 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zinisamehe.

Jana theluji ilikuwa inayeyuka tangu asubuhi. Tuliilinda kwa mashuka yetu ya harusi yaliyolowa, mama mkwe akanipa ruhusa ya kulia baadaye. Oiva alipanda, akaanguka. Akapanda, akapita pale chuma kinapolala, akaanguka mwishoni. Kilima cha kurukia kilianza kulegea. Santtu akasema kimebaki na mruko mmoja, labda na nusu.

Oiva alikuja chini mpaka nilipo. Alikuwa na damu kidogo kwenye kidevu. Nilidhani anataka busu, lakini alisimama tu, akanirekebishia kofia, akarudi juu.

Injini. Kimya, maana aliachia kamba. Halafu yeye, hewani, macho kwangu. Akatua. Ile sauti. Akashuka, akapita pale panapolala magoti yamenyumbuka, akashuka tena, na alikuwa anatabasamu, waziwazi, kwa pande zote mbili, jambo ambalo Santtu anasema halijawahi kuonekana kwenye video ya ski za mjini, watu huwa wananuna. Chuma chote. Kutoka mwanzo mpaka mwisho chuma chote kilikuwa chake, na mimi niliona furaha kubwa hivyo ikinijia moja kwa moja, nikafanya kile ambacho mke yeyote angefanya. Nilifungua mikono.

Hakuna aliyekuwa amefikiria litakalofuata baada ya mwisho wa chuma.

Mfupa wa bega la kulia umevunjika. Kwenye zahanati daktari, dada kijana mwenye miwani ya fremu nzuri, aliniuliza nini kilinigonga. Nikasema, mume wangu. Akaweka kalamu chini. Akamwomba Oiva atoke nje. Mama mkwe akataka kusaidia, akaeleza kwamba alinigonga kwa ski, na kwamba alikuwa amenilenga tangu juu. Hilo halikusaidia. Ilibidi Santtu alete kamera. Daktari alitazama video, akaomba aione tena, halafu akafungua mlango akamwita Oiva ndani, akasema anampongeza.

Sijui ni dawa ya maumivu au nini, lakini sijapata kuwa na furaha kama ile ya kutoka pale nikiwa nimefungwa kitambaa shingoni, Oiva ameshika mkoba wangu kama mtoto mchanga. Hakuacha kusema samahani. Nilimwambia kama angekaza macho mahali pengine ningemvunja bega mimi.

Tulipofika nje nikahesabu hatua zangu kwa uangalifu, nikageuka, nikaona niko peke yangu. Wote watatu walikuwa wamesimama juu ya ngazi za zahanati. Pale kuna chuma cha kushikiliwa na wagonjwa. Ni kirefu, kipya, kinang'aa, kina mkunjo katikati. Mama mkwe alikuwa anapima kwa macho mahali pikipiki yake inapoweza kugeuka. Santtu alikuwa ameinama, anaangalia changarawe. Oiva alikuwa ameuweka mkono wake juu ya chuma, hajauondoa.

Wakaniona ninawatazama.

Nikauliza, basi mimi nitasimama wapi.

Oiva akafikiri sana. "Mwisho wake," akasema. "Lakini kando kidogo."